Mziwaziwa na Maadui Wake Wawili

Ewe msomaji kijana, kabla hujaendelea na maneno haya, inama utazame chini. Iwapo shule yako iko Kisii au Nyamira, hutakwenda hatua nyingi kabla ya kuukuta mmea ninaotaka kukueleza. Huota kando ya njia, katika nyufa za ua, kwenye ukingo wa shamba la mahindi na chini ya migomba. Shina lake ni jembamba, lina wekundu na vinyweleo, na mara nyingi hulala chini kwanza kisha likainua kichwa. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Maua yake ni madogo mno, yamesongamana kuwa kifundo kimoja kwenye kwapa la jani. Livunje shina hilo, nalo litatoa tone jeupe kama maziwa. Ndiyo sababu umeitwa mziwaziwa. Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia hirta, jina uliloandikiwa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753.

Umeung'oa mara ngapi? Umeukanyaga mara ngapi? Hakuna mtoto wa Gusii aliyeshika jembe asiyeutupa mmea huu juu ya chungu ya magugu akaenda zake. Silaumu jembe, maana mahindi hayastawi penye magugu. Nalaumu kitu kingine, na hicho ndicho nilichokusudia kukishitaki mbele yako leo. Mmea huu una maadui wawili wabaya kuliko jembe. Jembe huung'oa mmea, nao huota tena baada ya mvua. Maadui hawa huing'oa elimu yake, na elimu ikisha kung'olewa haioti tena kwa mvua yoyote. Adui wa kwanza ni dharau. Adui wa pili ni siri.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili usidhani kuwa nawahukumu wengine nikijisamehe. Nilipokuwa mtoto niliota chunjua kidoleni. Magokoro, yaani bibi yangu, alivunja mziwaziwa akatia tone la utomvu wake juu ya chunjua ile, akarudia kila jioni kwa siku nyingi, akinionya nisipeleke mkono machoni. Chunjua ilianguka. Sisemi kuwa utomvu ndio ulioiangusha, kwa sababu chunjua nyingi huondoka zenyewe. Nasema kuwa nilipokwenda shule, mwalimu akatuuliza tutaje mimea yenye manufaa, mmoja akataja chai, mwingine pareto, nami nikataja huu. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Hilo ni gugu," akaendelea na mwingine. Tangu siku ile sikumwuliza bibi yangu jambo lolote juu ya majani. Alikuwa akijua mimea mingi, mingine ya kuliwa, mingine ya kutibu, mingine ya kuogopwa. Alipofariki, mimi nilikuwa nimejifunza mmoja tu. Mwalimu yule alinicheka mara moja. Mimi niliinyamazia elimu miaka yote iliyofuata. Kosa kubwa ni la nani?

Sasa tazama jinsi mmea huo uliochekwa ulivyotembea duniani. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na sasa umeenea katika nchi za joto zote. Huko India huitwa dudhi, jina lililotokana na neno la maziwa, sawasawa na letu. Huko Ufilipino huitwa tawa-tawa, na watu wengi huwapa wagonjwa wa kidingapopo maji yaliyochemshwa kwa mmea huu. Huko Australia uliitwa gugu la pumu, kwa sababu watu walioshikwa na pumu waliutumia kutafuta nafuu ya kifua. Katika Afrika umetumiwa sana kwa kuhara na kuhara damu. Mwaka 1976 John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya, alichapisha kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki, akaonyesha jinsi hazina hii ilivyo kubwa na jinsi ilivyokuwa vinywani mwa watu tu. Wataalamu wa Kinshasa nao waliupima mziwaziwa katika maabara, wakaona kuwa maji yake yaliweza kuwazuia wale wadudu wa amiba waletao kuhara damu. Wengine walitoa ndani yake kitu kiitwacho kwesitrini, wakakijaribu kwa panya waliokuwa wakihara, kikapunguza kuhara kwao.

Usiharakishe kushangilia. Chupa ya maabara si tumbo la mtu, wala panya si mtoto. Watu wa nchi nyingi kukubaliana juu ya jambo si ushahidi kuwa jambo hilo ni kweli, kwani watu wa nchi nyingi waliwahi kukubaliana kuwa jua huizunguka dunia. Lakini makubaliano ya watu wasiojuana ni sababu njema ya kuuliza. Mwenye akili akisikia mlango mmoja unabishwa na watu wa pande nne, hasemi kuwa nyumba ina dhahabu, huinuka akafungua.

Nani basi aliyetuzuia kuufungua? Ndipo ninapomkamata adui wa kwanza.

Dharau haikuota yenyewe. Ilipandwa. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi katika Kenya. Sheria hiyo iliweka adhabu kwa wanaojidai kuwa na uchawi, lakini haikueleza uchawi ni nini. Penye neno lisilo na mpaka, kila mtu huweka mpaka anakotaka. Mchawi, mpiga ramli, mkunga na mchemsha majani walitiwa machoni pa wengi katika kapu moja. Huku Gusii walikuwako, na wamekuwako, mafundi waitwao ababari, waliojifunza kwa kumfuata mkubwa wao miaka mingi, na waliojua kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa aliyeumia. Kazi yao iliwavuta madaktari wa mbali kuja kuitazama na kuiandika. Hata wao walionekana na watoto wao wasomi kama masalio ya giza.

Wasomi hao husema, "Dawa ni vidonge vya hospitali, majani ni ya mbuzi." Naomba waulizwe vidonge hivyo vilitoka wapi. Kwinini iliyowaponya watu malaria kwa zaidi ya karne moja ilitolewa katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini, na wakemia wawili wa Ufaransa waliipata mwaka 1820. Dawa ya malaria inayotumiwa leo katika zahanati za Kenya ina asili katika mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Tu Youyou, mwanamke wa China, aliitafuta pamoja na wenzake tangu mwaka 1969. Mmea ulipochemshwa haukufanya kazi vizuri. Akarudi kusoma kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakuta humo agizo la kuloweka mmea katika maji na kukamua, si kuchemsha. Akafahamu kuwa huenda moto ndio ulioharibu dawa. Akabadili njia, akafaulu, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Msomaji, tulia hapa kidogo. Kitu gani kilichookoa maelfu kwa maelfu ya watu? Si majani peke yake, kwa maana majani yalikuwako siku zote. Ni majani na maandishi. Mganga mmoja wa kale alikubali kuandika alichojua, na namna alivyokitengeneza. Lau angalifumba mdomo, Tu Youyou angaliendelea kuchemsha.

Hapo ndipo anapoingia adui wa pili. Na huyu ni mgumu zaidi kumshitaki, kwa sababu anakaa nyumbani mwetu, nasi humheshimu.

Mganga wetu hujua, lakini hasemi. Huchuma alfajiri, asionekane. Huchanganya majani saba, ili anayepeleleza asijue ni lipi litendalo kazi. Humfundisha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akihamia Nairobi kutafuta kazi, elimu ya vizazi vinne huzikwa katika kaburi moja. Tena siri huficha kitu kingine kibaya zaidi: huficha makosa. Aliyepona hutangazwa kijiji kizima. Aliyekufa husemwa kuwa siku zake zilitimia. Hapana daftari, hapana kipimo, hapana hesabu. Hata mganga mwenyewe, awe mwema kiasi gani, hawezi kujua kama dawa yake huponya watu tisa katika kumi au mmoja katika kumi.

Sikiliza kisa cha Uingereza. Katika karne ya 18 palikuwa na mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire aliyekuwa na dawa ya siri ya ugonjwa wa kuvimba mwili kwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na mimea kama ishirini au zaidi. Daktari William Withering aliulizwa maoni yake juu yake. Hakucheka. Aliichambua, akaona kuwa mmea mmoja tu ndio uliokuwa na nguvu, akautumia kwa wagonjwa wake miaka mingi, na mwaka 1785 akachapisha kitabu. Ndani yake aliandika habari za wagonjwa zaidi ya 100, waliopona na wasiopona pamoja, akaonya kuwa dawa hiyo ikizidi kidogo huwa sumu. Dawa iliyotokana na mmea huo bado hutumiwa kwa maradhi ya moyo. Jina la Withering limo vitabuni. Jina la yule mwanamke halimo. Siri yake haikumlinda, ilimfuta.

Basi dharau na siri ni maadui wawili, lakini hukaa nyumba moja, na wamezaa watoto.

Mtoto wao wa kwanza ni mwongo wa sokoni. Pale ambapo wenye elimu ya vitabu hawataki kuuliza, na wenye elimu ya majani hawataki kujibu, uwanja hubaki wazi kwa asiye na elimu yoyote. Umemwona siku ya soko. Ana kipaza sauti, ana meza, ana chupa za maji ya kijani. Chupa moja hutibu pumu, kisukari, shinikizo la damu, utasa na mapenzi yaliyopoa. Neno lake kubwa ni hili: "Ni mti shamba, hauna madhara."

Neno hilo ni uongo, na mziwaziwa wenyewe watoa ushahidi dhidi yake. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza. Utazame na ndugu zake. Katika jamii yake umo muhogo, unaotulisha, ambao aina zake chungu huua zisipoandaliwa vema. Umo mbarika, ambao mbegu yake ina sumu kali. Na umo mnyaa, ule uliopandwa kuwa ua la boma katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza saratani ya taya iliyokuwa ikiwashika watoto wa Uganda. Na watafiti waliofuata wameushuku utomvu wa mnyaa kuwa mmoja wa wasaidizi wa ugonjwa huo, kwa kuwa katika maabara huviamsha virusi vinavyohusika nao. Maziwa ni meupe kwa mziwaziwa na meupe kwa mnyaa. Mweupe si mwema kwa weupe wake. Mti hautuchukii wala hautupendi; una vitu ndani yake, na vitu hivyo hutenda kazi kwa kadiri ya kipimo.

Wala si sumu peke yake ninayoihofia. Nahofia saa. Mwenye pumu inapomshika, njia za hewa kifuani hubana, na kila dakika ina thamani. Anayeketi akisubiri sufuria ichemke, na dawa ya kuvuta ipo zahanati, huenda asiinywe anayoichemsha. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi. Huo upungufu ndio unaoua. Jani lolote, hata kama lingepunguza kuhara, halirudishi maji yaliyopotea kama yanavyorudishwa na maji yenye chumvi na sukari ya kipimo kutoka zahanati. Mama anayemnywesha mtoto majani siku tatu kabla ya kumpeleka kwa daktari hana hatia ya ujinga peke yake. Hatia wanayo pia wale waliosoma wakamcheka badala ya kumwelewesha.

Mtoto wa pili wa maadui hawa ni hofu. Huyu naandika habari zake kwa uchungu. Mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11 waliteketezwa kwa moto na umati huku Kisii kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, wanawake wazee wanne waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo huko Marani. Sisemi kuwa walikuwa waganga. Sina haja ya kusema walikuwa nani zaidi ya kuwa walikuwa wazee wa watu. Nasema hivi: mahali ambapo elimu ya majani ni siri, jirani hawezi kutofautisha dawa na sumu, wala bibi anayechuma mboga jioni na mchawi wa hadithi. Giza likiwa nene, kila kivuli ni adui. Lau tungalijua kilichomo kapuni mwa wazee wetu, tungaliogopa kapu hilo? Siri iliyodhaniwa kuwa ngao ya mganga imekuwa kuni za kumchomea jirani.

Najua utakalonijibu. Utasema, "Mganga akifunua siri yake, tajiri wa ng'ambo ataichukua, auze kidonge, na mganga abaki na kibuyu kitupu." Hoja hii ina haki, wala siitupi. Lakini itazame vizuri. Aibiwaye kwa urahisi ni yule asiye na maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetambua nafasi ya sayansi na ya ufundi wa asili katika maendeleo ya taifa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka wenye maarifa waombwe ridhaa yao kabla hayajatumiwa, na imezipa serikali za kaunti kazi ya kuyaandikisha. Sheria haiwezi kulinda kisichojulikana. Ng'ombe asiye na alama akipotea, utamwambia nini askari?

Utasema pia, "Mimi ni mwanafunzi tu; kazi hii ni ya wakubwa." La! Wakubwa wamegawanyika, nusu wakidharau na nusu wakificha. Wewe peke yako unasimama katikati, unajua kusoma na kuandika, na bado una bibi na babu wa kuwauliza. Miaka kumi ijayo utakuwa na shahada, na hao hutakuwa nao.

Basi nakupa kazi, nayo haigharimu ila daftari na gazeti kuukuu. Likizo ijayo nenda kwa mzee mmoja, keti chini, umsalimu kama apasavyo kusalimiwa, umwombe ruhusa. Akikubali, mwandike jina lake juu ya ukurasa, kwa kuwa elimu ni yake. Andika jina la mmea kwa Ekegusii, mahali unapoota, siku uliyouona, sehemu inayotumiwa na ugonjwa unaodaiwa. Kisha uliza swali ambalo halikuulizwa: ni lini dawa hii ilishindwa? Jibu la swali hilo ni nusu ya elimu. Bana tawi lake lenye maua katikati ya gazeti, ulikandamize kwa mawe mpaka likauke, ulionyeshe kwa mwalimu wako wa bayolojia. Pale Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, kuna hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika ya Mashariki, ambako jina la mmea laweza kuhakikishwa; na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo cha kuchunguza dawa za asili. Milango ipo. Wabishaji ndio wachache.

Na kwa wakati huo wote, usionje wala usimwonjeshe mtu. Mwandishi wa dawa si mganga, kama mchora ramani asivyo nahodha. Mgonjwa apelekwe hospitali, naye amwambie daktari majani aliyokunywa bila ya kuona haya. Na daktari amsikilize bila ya kucheka. Siku hiyo ikifika, maadui wawili watakuwa wameshindwa katika chumba kimoja.

Mvua ikinyesha kesho, mziwaziwa utaota tena kando ya njia yako ya shule. Wenyewe hauna haja nasi. Wenye haja ni sisi, na mlango uliokuwa wangu kuufungua ulifungwa siku nilipomzika magokoro. Wako bado uko wazi. Yule mzee yuko hai, ameketi kibarazani jioni hii, na hajaulizwa.